Damu ya Washington

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba 1799, George Washington aliamka koo limembana, pumzi zinapita kwa taabu. Siku mbili kabla alikuwa juu ya farasi akikagua mashamba yake ya Mount Vernon, theluji na mvua vikimnyeshea. Hakumngoja daktari. Alimwita msimamizi wa shamba, George Rawlins, aliyezoea kuwatoa damu watumwa wa pale, ampasue mshipa wa mkono. Rawlins akatetemeka. Mzee akamwambia asiogope, kisha akalalamika kwamba tundu ni dogo. Mkewe, Martha, alisihi damu isitolewe nyingi; mwenyewe akataka izidi.

Madaktari watatu walipofika, nao wakaendelea. Kufikia jioni alikuwa ametolewa damu mara nne, jumla yake ikikadiriwa kupita lita 2. Elisha Dick, kijana kuliko wenzake, aliipinga mara ya mwisho, akashauri koo litobolewe mgonjwa apate hewa. Hakusikilizwa. Washington alikata roho usiku uleule.

Ni rahisi kuwacheka madaktari hao. Lakini tangu Galen, aliyetibu Roma katika karne ya 2, iliaminika kwamba mwili hutawaliwa na damu, kohozi na nyongo za aina mbili, na kwamba homa ni dalili ya damu kuzidi. Na aliyetolewa damu kweli hupoa na kulegea, akalala. Jamaa zake wakaona nafuu. (Chuku ya pwani yetu haifiki huko: huvuta damu ya ngozini, haigusi mshipa mkubwa.)

Kupinga kulikuwa na gharama. Huko Philadelphia, siku ileile ya msiba, mwandishi William Cobbett alishindwa kesi ya kumkashifu daktari Benjamin Rush, bingwa wa kutoa damu wakati wa homa ya manjano, akatakiwa kulipa dola 5,000.

Aliyeitikisa imani ya kutoa damu alikuwa Mfaransa, Pierre Louis, kwa kuhesabu tu. Alichukua wagonjwa 77 wa nimonia mjini Paris. Kati ya 41 waliotolewa damu siku nne za mwanzo, walikufa 18. Kati ya 36 waliocheleweshwa, 9. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakuiacha kabisa, na mwaka 1892 William Osler, katika kitabu chake cha tiba, bado aliona kuna wagonjwa wa nimonia wanaofaa kutolewa damu.