Miaka 35 Bungeni, na Wapiga Kura Wakazidi Kupungua

Kuna mzee anaitwa Hans-Gert Pöttering. Najua jina halikuambii kitu, lakini nipe dakika mbili.

Alizaliwa Septemba 1945, Bersenbrück, Ujerumani. Babake, askari wa kawaida, alikuwa ameshauawa vitani siku za mwisho mwisho. Hakuwahi kumwona mwanawe. Kijana akakua, akaingia CDU, chama cha wahafidhina, na siasa yake ikawa moja: nchi za Ulaya ziungane, vita visirudi.

1979, wananchi wa nchi 9 walichagua Bunge la Ulaya wenyewe kwa mara ya kwanza. Pöttering akaingia akiwa na miaka 33. Bunge lenyewe sasa! Lingeweza kukataa bajeti, sawa, lakini kwa sheria nyingi lilikuwa linatoa maoni tu. Walioamua ni mawaziri. Wengi wangehepa. Yeye akakaa. 1999 akaongoza kundi la wahafidhina, kubwa kuliko yote bungeni. 2007 akawa Rais wa Bunge, yaani spika. Alipotoka 2014, ni yeye peke yake aliyekuwa amekaa mfululizo tangu uchaguzi ule wa kwanza.

Na bunge lilipata meno kweli. Tangu Mkataba wa Lisbon uanze kazi Desemba 2009, sheria nyingi za Umoja wa Ulaya hazipiti bila wabunge kukubali.

Sasa shida iko hapa. 1979 walipiga kura karibu asilimia 62. 2014, kama 43 hivi. Ni kweli nchi zilikuwa zimeongezeka hadi 28, lakini bado, bunge linapata nguvu na watu wanaliacha. Kwani nini kilifanyika?

Kura zilikuwa zinashuka kitambo, lakini mimi naangalia 2005. Wafaransa na Waholanzi waliulizwa kuhusu katiba ya Ulaya, wakasema hapana. Viongozi wakachukua mengi ya katiba hiyo hiyo, wakayaweka kwa Mkataba wa Lisbon, na safari hii wananchi walioulizwa ni wa Ireland pekee. Hao nao walikataa 2008, wakarudishwa kupiga kura tena 2009. Desemba 2007, Pöttering akiwa Strasbourg kutia sahihi Hati ya Haki za Msingi, wabunge kadhaa walimpigia kelele wakitaka kura ya maoni.

Simchukii huyu mzee. Mtu aliyezaliwa bila baba kwa sababu ya vita ana haki ya kuharakisha amani. Lakini kelele za siku ile zilikuwa na maana. Ukimuuliza mtu, akujibu, halafu uendelee na mpango wako, usishangae siku ya kura akibaki nyumbani.

2019 kura zilipanda tena, zikapita nusu kidogo. Wewe ungekuwa Mfaransa uliyesema hapana 2005, ungerudi kwa foleni? Niambie hapo chini.