Dawa Zilipatikana, Vifo Vikabaki

Mwaka 1805 daktari Gaspard Vieusseux aliandika habari za mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mjini Geneva, Uswisi. Chanzo chake hakikujulikana hadi 1887, Anton Weichselbaum wa Vienna alipokitambua kimelea cha meningokoki. Mwaka 1891 Heinrich Quincke akaonyesha namna ya kutoa maji ya uti wa mgongo: mgonjwa hulazwa ubavu, magoti yakikunjwa hadi tumboni, na sindano hupitishwa kati ya pingili za kiunoni. Maji yakitoka na ukungu badala ya kung'aa, daktari hushuku usaha.

Kwa njia hiyohiyo Simon Flexner wa New York aliingiza seramu ya farasi. Taarifa yake ya 1913 ilihusu wagonjwa wapatao 1,300, na waliokufa walikuwa kama 31 kati ya kila 100, ilhali awali waliopona ndio waliokuwa wachache. Baadaye zikaja salfa na penisilini, matumaini yakapanda.

Ndiyo maana matokeo ya Blantyre, Malawi, ya mwaka 2002 yanahuzunisha. Watoto wapatao 600 walipewa antibiotiki, na takriban nusu yao wakaongezewa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe. Katika makundi yote mawili walikufa 31 kati ya kila 100.

Wako wanaokitaja kimelea: Flexner alipambana na meningokoki, Blantyre iliongoza nyumokoki, iliyo kali zaidi. Hoja hiyo ina uzito, na VVU navyo vilikuwa vimewadhoofisha wengi. Hata hivyo, tafiti za nchi mbalimbali zimerudia jambo moja: anayefikishwa hospitali akiwa amezimia, au degedege halikomi, ndiye aliye hatarini zaidi kufa. Kwangu mimi kuchelewa kunabeba lawama kubwa, na si uzembe wa mama. Homa, degedege na kuzimia ni dalili za malaria kali pia. Na kwa mtoto mchanga shingo huenda isikakamae, utosi tu ukatutumka.

Kenya ilianza kuchanja watoto dhidi ya Hib, kimelea kingine cha homa hii, mwishoni mwa 2001. Kilifi, maambukizi makali ya Hib kwa walio chini ya miaka mitano yalishuka kutoka 66 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka hadi chini ya 8 kufikia 2005. Mzazi, kamilisha chanjo; na utosi ukitutumka au mtoto akilegea kwa homa, mpeleke hospitali saa ileile.