Mwili na Moyo katika Ngoma na Zikri za Kilwa na Lindi

Neno ngoma lakusanya maana zisizoachana: ni chombo kipigwacho, ni mchezo uchezwao, na tena ni uganga, kwa kuwa mgonjwa wa pepo hupungwa kwa ngoma hata pepo apande kichwani na kutaja haja yake. Lugha yenyewe, basi, haikutenga viungo vichezavyo na akili itafutiwayo utulivu. Katika mwambao wa kusini muungano huo uliwahi kuwatia hofu watawala.

Mwaka 1905, katika nchi ya Wamatumbi iliyo nyuma ya Kilwa, watu waliotumikishwa kwa nguvu katika mashamba ya pamba walikwenda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kutwaa maji ya dawa. Kisha wakajizoeza likinda, yaani mazoezi ya vita. Maji yalitia imani moyoni. Likinda likaiteremsha imani hiyo mikononi na miguuni. Mwezi wa Julai vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti, na risasi hazikugeuka maji. Vita hivyo, pamoja na njaa iliyofuata, viliangamiza watu kwa makumi ya maelfu.

Mwaka 1908 waraka uliosemwa kuwa umetoka Makka ulifika Lindi, ukionya kuwa Kiyama kimekaribia. Watu wakazidi kumiminika misikitini na katika zikri za Kadiria. Serikali ya Kidachi, ambayo ilikuwa haijasahau Maji Maji, ilidhani uasi unapikwa upya. Lakini vita havikutokea.

Asili ya neno zikri, katika Kiarabu, ni kukumbuka. Nalo kumbukumbu hilo halikai kichwani tu: wanaozikiri husimama bega kwa bega, huinama na kuinuka pamoja, na pumzi zao hufuata jina la Mwenyezi Mungu hata moyo uhudhurie. Wenyewe hawakubali iitwe ngoma, na yapasa kuwaheshimu katika hilo. Hata hivyo, likinda, zikri na ngoma ya pepo zafuata njia moja: mwili hutangulia, moyo ukafuata.

Wadachi waliona miili ikienda pamoja, wakahukumu nia zilizomo. Walikosea nia ya watu wa Lindi, ila hawakukosea kuwa nia ilikuwamo. Kwa hiyo kamusi ifasiriyo ngoma kuwa mchezo tu yapunguza neno hilo nusu ya historia yake.