Kromu na Hewa ya Barrio Logan

Tarehe 1 Januari 1958 sheria mpya ya barabarani ilianza kutumika California, na kipimo chake kilikuwa rimu. Kifungu cha 24008 kilikataza gari lililofanyiwa marekebisho kuwa na sehemu yoyote iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu zake. Polisi hakuhitaji mashine. Aliinama kidogo, akaangalia rimu, akaangalia bodi, akaandika faini.

Aliyelengwa alijulikana. Tangu miaka ya 1940 vijana wa Los Angeles wenye asili ya Mexico, ambao baadaye wangejiita Chicano kwa fahari, walikuwa wakinunua Chevrolet kuukuu na kuzishusha. Walikata springi, au walijaza mifuko ya mchanga kwenye buti gari lilale. Wenzao weupe walitaka gari la mbio. Hawa walitaka gari la kwenda mdogomdogo Jumapili jioni, watu waone, na wao waonekane katika mji uliokuwa umezoea kuwapita kama hauwaoni. Ndiyo magari tunayoyaita lowrider.

Jibu la sheria ile lilikuja haraka. Mwaka 1959 Ron Aguirre aliifungia Corvette yake pampu za haidroliki, aina iliyotumika kwenye ndege. Polisi akitokea, gari linapanda. Akipita, linashuka. Manze, hiyo ni akili! Ule mchezo wa gari kurukaruka uliotufikia Nairobi kupitia video za rap za miaka ya 90, na Impala za 1964 zikidunda, ulizaliwa kama njia ya kukwepa faini.

Na rimu yenyewe ikawa kitu cha kupambwa kuliko bodi. Kiwandani gari lilikuja na rimu ya chuma iliyopakwa rangi na kufunikwa kifuniko. Waliopenda mbio walizitoa wakaweka za magnesi, kama zile za karakana ya Ted Halibrand, kwa sababu magnesi ni nyepesi kuliko hata alumini. Shida yake ni kwamba huliwa haraka na unyevu na inafifia ikawa ya kijivu kama jivu. Mwaka 1964 Cragar walileta S/S: mdomo wa chuma, kati alumini, na kromu juu yake. Nzito, ndiyo, lakini iling'aa kama kioo na kijana wa kazi ya kawaida aliweza kuinunua. Wenye pesa zaidi, na uvumilivu zaidi, walienda kwa rimu za spoki za Dayton. Rimu ya inchi 13 yenye spoki 100, mara nne, ni spoki 400 za kusugua. Uchafu hujificha pale spoki inapoingia kwenye rimu, na kutu huanzia hapo. Mtu aliyekuwa na rimu hizo hakuwa na Jumamosi.

Sasa kromu ni nini hasa? Wengi wanadhani ni rangi ya fedha iliyomwagwa juu. Fundi huanza kwa kung'arisha chuma au alumini yenyewe, kwa maana kromu haifichi mkwaruzo, inautangaza. Halafu, mara nyingi, huja tabaka la shaba nyekundu, kisha nikeli, na kromu mwisho. Kazi kubwa ya kung'aa inafanywa na nikeli. Kromu ya juu ni ngozi tu, kwa kawaida chini ya mikroni moja, wakati unywele wako una mikroni 70 hivi. Ngozi hiyo huipa nikeli ile rangi ya ubaridi wa buluu na kuizuia isichujuke.

Ngozi yenyewe ina nyufa ndogo zisizoonekana. Maji ya chumvi na vumbi la breki hupenya humo hadi kwenye nikeli, na mwishowe hadi chini. Kama chini ni chuma, utaona vidoadoa vya kutu. Kama ni alumini, kromu inavimba malengelenge na kubanduka kwa magamba yanayokata kidole. Hapo hakuna polishi itakayokuokoa. Kwa hivyo kazi yote ni kuzuia: sabuni ya kawaida na maji, rimu ikiwa imepoa, kukausha, kisha nta. Ile asidi ambayo baadhi ya vijana wa kuosha magari hunyunyizia ili rimu ing'ae kwa dakika tano ndiyo inayoiua. Na anayeishi Nyali au Kilindini, hewa ya chumvi ikimpiga usiku na mchana, afikirie mara mbili kabla ya kununua kromu.

Hayo ni ya mwenye gari. Mwenye kazi ya kupaka ana habari nyingine.

Kromu haipakwi kwa brashi. Rimu inazamishwa kwenye tangi la asidi ya kromu, kisha umeme unapitishwa. Sehemu kubwa ya umeme huo haipaki kitu, inatengeneza mapovu tu. Mapovu yakipasuka juu ya tangi yanarusha ukungu mwembamba, na ndani ya ukungu huo kuna kromu-6. Rimu ikishatoka pale haina sumu hiyo, maana kromu iliyoganda juu yake ni metali tu. Sumu imebaki na mtu aliyesimama kando ya tangi. Tangu karne ya 19 ilijulikana kwamba wafanyakazi wanaovuta kemikali za kromu hutoboka ukuta wa ndani wa pua. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kromu-6 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu.

Ukungu ule haukai ndani ya karakana. Barrio Logan ni mtaa wa San Diego, karibu na bandari, wenye wakazi wengi wa asili ya Mexico. Miaka ya 1950 mpango wa mji ulibadilishwa, na viwanda na yadi za vyuma chakavu vikaruhusiwa kukaa ukuta kwa ukuta na nyumba. Miaka ya 1960 barabara kuu ikaukata mtaa katikati, kisha daraja la Coronado likapita juu yake. Wakazi waliahidiwa bustani chini ya daraja. Tarehe 22 Aprili 1970 wakaona tingatinga likisawazisha ardhi ile ile, na kumbe ni kituo cha polisi wa barabara kuu kilichokuwa kikijengwa. Waliingia, wakakaa, wakapanda miti na mimea, na wakashinda. Leo ni Chicano Park, nguzo za daraja zimejaa michoro, na kila Aprili magari ya lowrider hupangwa hapo, kromu ikipokea jua.

Katika mtaa huo huo kulikuwa na karakana ya kupaka kromu, jirani ya nyumba za watu. Vipimo vya hewa vilipochukuliwa, viwango vya kromu-6 vilikuwa juu mno, na mwaka 2002 ikafungwa. Mimi siwezi kuangalia picha za sikukuu ile bila kufikiria umbali huo mfupi, kutoka bustanini hadi lile tangi. Watu walewale waliotumia kromu kusema "tuko hapa" ndio waliopewa kuivuta.

Mwaka 2023 California iliamua mambo mawili, kila moja katika chumba chake. Mwezi Mei bodi ya hewa ya jimbo ilipiga kura kuondoa kromu-6 katika upakaji wa mapambo kuanzia 2027, huku wanaoongeza vizuizi vikali wakipewa hadi 2030. Bodi ilieleza kwamba kitu hicho kina sumu mara 500 kuliko moshi wa dizeli. Mwezi Oktoba gavana akatia saini sheria ya kufuta marufuku ya 1958. Gari liliruhusiwa kulala chini ya rimu wakati kromu ya rimu ikipewa notisi ya kuondoka.

Wenye karakana walilalamika kwamba wateja watapeleka kazi majimbo mengine, na sidhani ni uongo. Mbadala upo, ni kromu-3, ambayo haina hatari kubwa hivyo, ila rangi yake hutofautiana kidogo na ile ya zamani, na mtu aliyepaka bampa miaka ya nyuma ataona hailingani na rimu mpya. Kwa mpenzi wa Impala hilo ni jambo zito, usimcheke.

Huku kwetu ubishi wa rimu za spoti bado ni wa saizi na bei, ingawa Afrika Kusini ndiyo inayoongoza duniani kwa kuchimba madini ya kromu yenyewe. Ukiniuliza mimi, kwa mashimo ya Nairobi chukua alumini iliyopakwa rangi ya unga. Haing'ai kama kioo cha nganya ya Rongai, lakini ikikwaruzwa na ukingo wa barabara inarekebishika kwa bei ya maana. Alumini tupu iliyong'arishwa ni tamu kwa macho, ila bila vanishi itafifia na utaisugua hadi uichoke. Na kama tayari una kromu na imepasuka, usikubali fundi aichomelee kabla kromu haijaondolewa pale. Joto la kuchomelea linaweza kuigeuza kromu kuwa ile ile ya tangi, na yeye ndiye atakayeivuta, bila barakoa.

Anayekuambia atakupakia kromu upya mtaani, muulize maji ya tangi lake yanamwagwa wapi. Maji yenye kromu-6 nyingi huwa ya manjano, kwa hivyo wakati mwingine jibu utaliona mtaroni kabla hajafungua mdomo.