Muhammed Said Abdulla: Mwana wa Magazeti, Baba wa Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya, akaishika kazi hiyo miaka kumi. Mwaka 1948 aliiacha akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu.

Hapo pana jambo la kutazamwa. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, ilhali Afrika Kwetu lilitetea upande wa Waafrika. Na katika miaka ya 1950 pande hizo zilivutana vikali. Mtu aliyeyatumikia yote mawili alijua jinsi habari moja inavyogeuka kwa kupita kinywa hiki na kile. Si ajabu, basi, kwamba alipoanza kutunga alimwumba mtu asiyepokea neno la yeyote mpaka amelipima: Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na Najum sahibu yake.

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Humo maiti yakutwa mzimuni. Hofu ya mahali hapo ni kubwa, lakini Bwana Msa atafuta mkono wa binadamu.

Wako waliosema kuwa Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja. Ufanano huo haukanushiki. Lakini fumbo lenyewe si la London: aghalabu ni la nasaba, ndoa na urithi, yaani mambo ambayo majirani huyajua nusu na kuyanyamazia nusu. Na lugha ni Kiswahili cha barazani, chenye mzaha na ncha.

Tangu 1958 alihariri Mkulima, akapita humo katika Mapinduzi ya 1964, hata akastaafu mwaka 1968, mwaka kilipotoka Kisima cha Giningi. Zikafuata nyingine, hata Kosa la Bwana Msa la 1984. Alifariki mwaka 1991.

Wanaoziita riwaya hizi burudani tu wamesema nusu ya kweli. Katika kisiwa kilichogawanywa na uvumi, kumfundisha msomaji kudai ushahidi kabla ya kuhukumu hakukuwa kazi ndogo.