Fahamu: Kaunti za Kenya zinavyokasimu majukumu yao, na nani hubaki akiwajibika

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, kila moja ikiwa na gavana na bunge lake. Jedwali la Nne la Katiba hiyo ndilo linalogawa kazi. Zahanati, hospitali za kaunti, masoko, barabara za kaunti na uzoaji taka vimo mikononi mwa kaunti, ilhali ulinzi na hospitali za rufaa za kitaifa ni vya serikali kuu. Hata hivyo, mgawanyo huo unaweza kubadilishwa kwa makubaliano.

Ibara ya 187 inaruhusu ngazi moja kuikabidhi nyingine jukumu lake, iwapo litatekelezwa kwa ufanisi zaidi huko, mradi rasilimali za kulitekeleza ziambatane nalo. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu mahusiano ya serikali hizo inataka makubaliano yawe ya maandishi na wananchi washirikishwe. Msomaji wa Tanzania huenda akakumbuka barabara za halmashauri zilivyowekwa chini ya TARURA mwaka 2017. Tofauti ni kwamba uamuzi ule ulitoka serikali kuu. Nchini Kenya, kaunti yenyewe ndiyo inayopaswa kuridhia.

Zipo pia njia zisizozua mabishano makubwa. Kaunti zinaweza kuunda kamati au mamlaka za pamoja chini ya Ibara ya 189, au kuziachia kazi kampuni zao. Maji ya Nairobi, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini katika kaunti ya Murang'a, husambazwa na kampuni inayomilikiwa na kaunti ya Nairobi.

Jaribio kubwa zaidi la Ibara ya 187 lilifanyika katika jiji hilohilo. Tarehe 25 Februari 2020, Gavana Mike Sonko alitia saini Ikulu hati ya kuikabidhi serikali kuu majukumu manne kwa miezi 24: afya, uchukuzi, mipango na maendeleo, pamoja na ujenzi na huduma za umma. Wakati huo mahakama ilikuwa imemzuia kuingia ofisini kutokana na mashtaka ya ufisadi aliyoyakana, na hakuwa na naibu, kwani aliyekuwepo alijiuzulu Januari 2018. Ni vigumu kuyaita mazingira hayo ya mapatano kati ya pande mbili zenye nguvu sawa.

Rais Uhuru Kenyatta aliunda Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, na kumteua Meja Jenerali Mohamed Badi kuiongoza. Wafanyakazi zaidi ya 6,000 wa kaunti walihamishiwa huko. Muda si mrefu Sonko aliikana hati aliyoisaini na akakataa kuidhinisha bajeti iliyoipa NMS fungu kubwa. Juni 2020, Mahakama ya Ajira ilibaini kasoro za kisheria katika utaratibu huo na kutoa siku 90 zirekebishwe. Desemba mwaka huo, Seneti ilimwondoa Sonko madarakani, nayo NMS ikaendelea na kazi.

Ibara hiyohiyo ya 187 inasema kwamba wajibu wa kikatiba hubaki kwa serikali iliyopewa jukumu na Jedwali la Nne, hata baada ya kulikabidhi. Kwa hiyo mama aliyekosa huduma katika hospitali ya uzazi ya Pumwani aliweza kumdai gavana ambaye hakuwa tena na daktari wala bajeti ya hospitali hiyo. Aliyekuwa navyo aliteuliwa na Rais, na hakuna mkazi wa Nairobi aliyempigia kura.

Muda wa NMS uliongezwa mwaka 2022, kisha ukakoma mwishoni mwa Septemba, wiki chache baada ya Gavana Johnson Sakaja kuapishwa. Majukumu yote manne yalirejeshwa kwa kaunti, pamoja na wafanyakazi wake.