Bogenvilia na Jina la Mwanamke Aliyesahaulika

Mama yangu hajawahi kununua bogenvilia. Alikata kijiti kwa jirani, akakichomeka kando ya geti, akamwagilia mpaka kikashika. Basi. Leo ukuta mzima ni zambarau mwaka mzima, na kazi yake ni kupunguza matawi tu, miiba isije ikakwaruza wapita njia. Ukiidekeza kwa maji mengi inakupa majani matupu. Ukiiacha juani na kiu kidogo, inachanua.

Tumeizoea mpaka tunadhani ni ya kwetu, kumbe asili yake ni Amerika ya Kusini. Jina limetoka kwa Louis-Antoine de Bougainville, Mfaransa aliyeanza safari ya kuizunguka dunia mwaka 1766. Mwaka uliofuata, meli zake zilipotia nanga Rio de Janeiro, mtaalamu wake wa mimea, Philibert Commerson, alipata mmea huu na kuupa jina la mkubwa wake. Jina hilo lilichapishwa mwaka 1789.

Lakini Commerson alikuwa na mguu mgonjwa. Aliyembebea vifaa na mimea porini ni msaidizi wake, "kijana" aliyeitwa Jean. Kijana huyo alikuwa Jeanne Baret, mwanamke wa kijijini huko Burgundy, aliyevaa kiume kwa sababu jeshi la majini la Ufaransa lilikataza wanawake melini. Bougainville aliandika kwamba siri ilifichuka Tahiti, mwaka 1768. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba mkono uliochuma bogenvilia ile ulikuwa wake.

Baret ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Commerson alitaka mmea mmoja uitwe kwa jina lake, jina halikudumu. Ilibidi kusubiri hadi 2012, ndipo mmea mmoja wa Amerika ya Kusini, jamaa ya mnavu na nyanya, ulipoitwa Solanum baretiae.

Hebu chungulia bogenvilia kwa karibu. Zile zambarau si maua, ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni madogo, meupe, yamejificha katikati.

Mama hajui habari za Bougainville. Yeye mpaka leo anaiita "ua la jirani", kwa heshima ya aliyempa kijiti. Naona yeye ndiye aliyetenda haki.